Virusi vimeondolewa, lakini faili za Windows zimebaki na hitilafu: nianzie wapi?

Mwenye duka, Nyegezi
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaendesha duka la kuchapa na kutoa nakala hapa Nyegezi. Wiki iliyopita kijana aliyevuka kivuko cha Kamanga alileta barua zake kwenye flashi, na nilipoichomeka kwenye kompyuta ya mbele, folda zake zote zilionekana kama njia za mkato. Nikabofya mojawapo bila kufikiri. Programu ya kuzuia virusi imekwisha kuondoa ilivyovikuta, lakini Task Manager, dirisha la kuonyesha na kufunga programu zinazoendelea, haifunguki kwa madai kwamba imezimwa na msimamizi, ilhali msimamizi ni mimi, na baadhi ya programu zinalalamika kwamba faili za DLL, yaani faili saidizi ambazo programu huzitegemea, hazipo. Niliendesha sfc /scannow, amri ya Windows ya kukagua na kutengeneza faili zake, ikaniambia imekuta faili zilizoharibika lakini imeshindwa kutengeneza baadhi yake. Fundi wa jirani anataka kupiga Windows upya, nami nina daftari zima la madeni humo. Mnanishauri nini?

Fundi, Kirumba
Pole sana, ndugu. Usikubali kupigiwa Windows kabla ya kunakili hati zako kwenye diski ya nje, na unakili hati tu, usibebe faili za programu (exe). Kisha uhakikishe kirusi kimetoka kweli, kwa sababu kukitafuta ndani ya Windows ileile iliyoambukizwa hakutoshi. Microsoft Defender ina uchunguzi wa nje ya mtandao, ambao huwasha kompyuta upya na kuikagua kabla Windows haijapanda. Huchukua takriban dakika 15.

Kuhusu sfc, yenyewe huchukua faili nzima kutoka ghala la Windows liitwalo WinSxS na kuziweka mahali pa zile mbovu, kwa hiyo ghala lenyewe likiwa limeharibika haina cha kutoa, na ndipo unapopata ujumbe huo. Litengeneze ghala kwanza. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa haki za msimamizi, andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Ikimaliza, rudia sfc /scannow. DISM huvuta faili kutoka Windows Update, hivyo bando liwepo, na asilimia zikiganda kwa muda mrefu usiikatishe. Kwetu huku ningeongeza kwamba betri iwe imejaa au UPS iwepo, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo unaweza kuongeza uharibifu.

Mhasibu, Igoma
Naongezea jambo ambalo fundi hakuligusa. Task Manager kuzimwa si faili iliyoharibika bali ni mpangilio ambao kirusi kimeuandika kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, na sfc haigusi mipangilio ya namna hiyo hata uiendeshe mara kumi. Ufute hivi:

reg delete "HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System" /v DisableTaskMgr /f

Ukiufuta kisha ukajirudisha wenyewe, basi kirusi bado kimo, na hapo mimi ningekubaliana na fundi wa jirani yako. Vilevile, DLL inayokosekana ikiwa ni ya programu uliyoiweka mwenyewe, sfc haitairudisha. Ondoa programu hiyo na uiweke tena.

Mwenye duka, Nyegezi
Nashukuruni. Uchunguzi wa Defender ulikuta faili moja zaidi, nikaiondoa. DISM iligoma mara ya kwanza ikisema haipati chanzo cha faili.

Fundi, Kirumba
Basi ipe DISM chanzo wewe mwenyewe. Tafuta flashi ya kuwekea Windows yenye toleo na lugha sawa na yako, na kama kompyuta imeipa herufi E, ongeza mwishoni mwa amri ile: /Source:WIM:E:\sources\install.wim:1 /LimitAccess. Namba 1 hubadilika kulingana na aina ya Windows yako, Home au Pro. Utaiona kwa dism /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim. Baadhi ya flashi zina install.esd badala ya install.wim, hapo utaandika ESD badala ya WIM.

Mwenye duka, Nyegezi
Yangu ilikuwa Pro, namba 6. DISM imekamilika, sfc imetengeneza zilizosalia, na Task Manager imefunguka hata baada ya kuwasha upya mara mbili. Programu moja ya kuchapa ndiyo niliyolazimika kuiweka tena. Na barua za yule kijana hazikupotea, zilikuwa zimefichwa tu. Amri ya attrib -h -r -s /s /d kwenye flashi yake ilizirudisha zote.