Kwanini Mercedes waliipeleka 500E ikaundwe kwa Porsche?

Mwana_Chumbageni
Habari za jioni wakuu. Mimi nimekulia kwenye W124, ile Benzi ya miaka ya 80 na 90, mjomba wangu alikuwa na 230E nyeupe pale Tanga na mpaka leo nikisikia mlango wa gari unafungwa kwa ule mlio mzito lazima nigeuke. Sasa juzi jamaa ananiambia kuna W124 ya V8, yaani injini ya silinda nane, na iliundwa na Porsche, nikambishia mpaka tukapandishiana sauti, nafika nyumbani naingia mtandaoni nakuta ni kweli kabisa, inaitwa 500E, ilionyeshwa Paris 1990. Naomba kueleweshwa, Mercedes ni kampuni kubwa, mainjinia wamejaa, ilikuwaje waende kwa jirani kwa gari yao wenyewe? Na Porsche walifanya nini hasa? Maana kwenye picha naona sedani ya kawaida tu ya mzee mstaafu.

Gurudumu4
Mkuu kazi ilikuwepo, tena nzito. Miaka ile mainjinia wa Mercedes walikuwa wamebanwa na S-Class mpya, W140, huku BMW ameshatoa sedani yake ya kasi, M5 ya E34, tangu 1988, farasi 315, na Mercedes hana cha kumjibu kwenye saizi ile. Porsche naye alikuwa na hali mbaya, soko lake kubwa ni Marekani na dola imeshuka, gari haziuziki, mafundi wa maana wapo na kazi hakuna. Ndio mwaka huohuo 1988 wakapewa mkataba. Injini haikutengenezwa upya, walichukua injini ya M119 kutoka 500SL, ile Benzi ya michezo ya milango miwili, V8 lita 5, vali 32, farasi 326, toki (nguvu ya kuzungusha) Nm 480, giaboksi otomatiki ya gia 4. Kilomita 100 kwa saa unaifikisha kwa sekunde 6 hivi na ikifika 250 inazuiwa isiende zaidi. Ugumu ulikuwa kuiingiza kwenye bodi ambayo ilizoea injini ndogo zaidi halafu gari ibaki na ule utulivu wa Benzi.

Fundi_Gerezani
Naomba niongezee hapo kwenye ugumu maana watu wakisikia V8 wanawaza injini peke yake. Nimewahi kuletewa gari, mteja alishaenda sehemu akafungiwa injini kubwa, bodi ileile, breki zilezile, springi zilezile. Ukiiegesha pua imeinama, ukikanyaga breki inavuta upande mmoja, na difu, ile ya kugawa nguvu kwenye matairi ya nyuma, imeanza kulia kabla hata mwezi haujaisha, kaka wa watu pesa yake yote imekwenda na gari haifai kubebea familia. Sasa angalia 500E walivyofanya, breki wakatoa kwa SL, gari ikashushwa chini, nyuma wakaweka sasipensheni inayojisawazisha yenyewe ukipakia mzigo, betri ikahamishiwa kwenye buti kwa sababu mbele V8 imejaza kila kona, na difu ikawa kubwa kuliko ya W124 nyingine. Kila kimoja kimedai kingine. Hiyo ndio kazi ya kuunda gari wakuu, na naiheshimu sana kwa sababu najua inavyokuwa isipofanyika.

Mbongo_Stuttgart
Niko huku huku zilikotoka. Picha zinaidanganya sana hii gari. Kuna siku niliikuta moja nyeusi imepaki, nikachuchumaa pembeni yake nikapitisha kiganja juu ya tairi la mbele, fenda imetuna unaisikia mkononi, ukisimama mbali huioni. Ni kama sentimita 3 tu kila upande lakini hizo 3 ndizo zilizoleta kasheshe, kwa sababu bodi ilizidi upana haikuweza kupita kwenye laini ya kiwanda cha Mercedes cha Sindelfingen. Kwahiyo vipande vya bodi vinatoka Sindelfingen kwa lori mpaka Zuffenhausen kwa Porsche, pale kwenye jengo lao la zamani linaitwa Rössle-Bau mafundi wanaunga bodi kwa mikono, inarudi Sindelfingen kupigwa rangi, inarudishwa tena Zuffenhausen kufungwa injini na mambo mengine, halafu safari ya mwisho Sindelfingen kukaguliwa na kukabidhiwa mwenyewe. Gari moja siku 18! Na viwanda vyote viwili viko eneo hili hili la Stuttgart. Ile kazi iliwashika mkono Porsche kipindi kigumu kwelikweli, na baadaye jengo lilelile likaunda Audi RS2.

Mwana_Chumbageni
Daah nashukuru sana wakuu, nimeelewa kuliko nilivyotarajia, na yule jamaa nitampigia nimwombe radhi. Swali la mwisho, siku moja nikikutana nayo nitaijuaje? Nembo ya 500E si mtu yeyote anaweza kuibandika.

Gurudumu4
Nembo usiitegemee, na kuanzia 1993 jina lenyewe liligeuzwa likawa E500. Zilitengenezwa 10,479 tu mpaka 1995 kwahiyo kukutana nayo si rahisi. Anza na fenda kama alivyosema mkuu wa Stuttgart, halafu muombe mwenyewe akufungulie mlango wa nyuma. Siti ziko mbili, kila mtu na yake, ile difu kubwa ndio imekula nafasi ya katikati. Ukikuta benchi la watu watatu kama la mjomba wako, hiyo siyo.