Naomba ushauri: riwaya ya binti mpiga ramli, Unguja 1897

Wakuu, nakwama kwenye kidokezo. Binti mpiga ramli anatafuta asili yake. Mama alikuwa suria, yaani mtumwa aliyewekwa kinyumba na bwana wake. Mkononi ana karatasi ya ramli ya zamani: mistari 16 ya nukta, mstari wenye nukta witiri unabaki na moja, wenye shufwa mbili, ndipo yanapatikana maumbo manne ya mwanzo, na mengine huzaliwa humo hadi la 15, liitwalo hakimu. Nukta za hakimu lazima ziwe shufwa. Hapa ni saba, maana yake kuna mtu kachezea umbo moja bila kujua hesabu.

Shida ni sheria. Amri ya Aprili 1897 ya kufuta utumwa iliwaacha nje masuria, ila aliyethibitisha ukatili, hadi 1909. Basi daftari la mahakama halitamtaja mama. Lakini mtoto aliyekubaliwa na bwana ni huru na hurithi, na hapo ndipo sababu ya kughushi. Ushahidi niuweke kwenye wosia au waraka wa wakfu? Na hesabu ya hakimu niifundishe sura ya ngapi, msomaji asihisi nimemficha?