Tui linanikatikia kila Jumapili, nakosea wapi?

Mkuna Nazi wa Tabata

Wadau, habari za jioni. Swali langu ni la jikoni lakini lina mkia mrefu, mnivumilie.

Nina miaka 43, ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Kwa miaka mingi chakula changu cha usiku kilikuwa chipsi mayai au wali wa mama ntilie. Mwezi wa pili mama yangu alifariki kule Pangani, na binti yangu, aliyelelewa naye tangu ana miaka sita, akaja kuishi na mimi. Yuko kidato cha pili. Mtoto ana adabu: shikamoo haikosi asubuhi, vyombo anaosha bila kuambiwa, ila baada ya hapo ni kimya. Shule vipi? "Nzuri." Umeshiba? "Nimeshiba." Ukweli ni kwamba tulikuwa hatujuani. Nilikuwa baba wa sikukuu na wa kutuma hela kwa simu.

Jumapili moja nikaenda Feri alfajiri, nikarudi na changu wawili. Nazi nikapitia Buguruni. Mbuzi sikuwa nayo, nikanunua. Nikakaa uani nakuna, majirani wanapita wanacheka, mmoja akaniuliza nimeolewa lini. Sikumjibu. Kukuna nazi bwana kuna kitu ndani yake. Ukiharakisha unakwangua mpaka kifuu na tui linajaa vijitaka vyeusi, kwa hiyo mkono unalazimika kutulia wenyewe. Wiki nzima nashinda na simu za wateja wanaofoka kwamba friza la nyama limezima. Pale kwenye mbuzi simu inaita, nami mikono imejaa machicha, inaita mpaka inachoka.

Basi yule mtoto akatoka, akasimama mlangoni, akaniangalia weee. "Baba, bibi alikuwa anakaa ubavu, hatanui miguu hivyo." Nikamwambia bibi alikuwa amevaa kanga, mimi nina suruali. Akacheka. Tangu aje, sikuwa nimekisikia kicheko chake.

Sasa kila Jumapili ndiyo kazi yetu. Yeye anachambua mchele, anamenya vitunguu saumu, na macho yakiwa kwenye ungo mdomo unafunguka. Nimeshamjua mwalimu wa hesabu, nimejua rafiki aliyemnunia na kwa nini. Nikimkalisha kwenye kochi nimuulize yaleyale, sipati neno.

Tatizo ni tui. Nakaanga vitunguu na nyanya, naweka samaki, nakamulia limau, namimina tui lote, nafunika, nakwenda kupalia wali. Nikifunua, chini maji, juu mabongemabonge na mafuta. Mtoto anakula, halalamiki, ila juzi alisema taratibu, "La bibi lilikuwa zito." Nisaidieni.

Jiko la Gesi

Kaka, karne hii unakuna nazi? Tia kwenye blenda, dakika mbili umemaliza. Au nunua la pakiti ule ulale.

Mkuna Nazi wa Tabata

Blenda ninayo mkuu. Hizo dakika mbili ndizo sizitaki.

Zamu ya Usiku

Mimi niseme lisilopendwa. Ni muuguzi, nina watoto wanne, natoka kazini saa moja asubuhi na kuna watu wanasubiri chai. Kupika kwangu hakuna utulivu wowote, ni zamu ya pili isiyo na mshahara. Anayetulizwa na jiko ni yule anayeliingia kwa hiari Jumapili, nawe usije ukaanza kutuambia tunakosea kuchoka. Lakini hapo kwenye ungo umesema kweli. Mwanangu wa kiume wa miaka kumi na moja huniambia mambo yake tukichambua maharage, kwingine kote haambiliki.

Mpemba wa Muscat

Huku natumia la kopo, na la kopo pia hukatika, usijilaumu. Mimi nikipika namweka mama kwenye simu, naiegemeza kwenye mkebe wa sukari. Haoni sufuria, maana kamera inaelekea dari, lakini anasikiliza. "Punguza moto, vitunguu vinaungua." Na kweli vinaungua! Dakika arobaini twaweza tusizungumze lolote zaidi ya hilo.

Bi Mkubwa wa Kuze

Hujambo mwanangu. Pole kwa mama, Mungu amrehemu.

Sufuria ya tui waifunika ya nini? Sikiliza. Tui la kwanza na la pili usiyachanganye. Lile la pili, jepesi, ndilo la kumpikia samaki. La kwanza, ndiyo kasimile, liweke kando. Samaki akishaiva punguza moto, ndipo umimine kasimile, na upawa usitoke mkononi: chota, mimina, chota, mimina, hadi lichemke mara moja. Epua. Limau mpake samaki mapema na chumvi na thomu, au kila mtu ajikamulie kwenye sahani. Uchachu na tui juu ya moto mkali hawakai nyumba moja.

Jengine. Watuuliza sisi tusiokujua, na hapo nyumbani una mtoto aliyekaa jikoni kwa bibi yake miaka yote hiyo. Umemuuliza?

Mkuna Nazi wa Tabata

Shikamoo mama. Hapana, sikumuuliza. Niliogopa kumkumbusha.

Mkuna Nazi wa Tabata

Mrejesho wa Jumapili.

Nilimuuliza, bibi alikuwa anafanyaje likifika tui la kwanza. Akafikiri. "Sijui, baba. Likifika hapo ananituma dukani chumvi. Kila siku chumvi."

Tukafuata maelekezo ya Bi Mkubwa. Samaki akaiva kwenye tui jepesi, nikachukua bakuli la kasimile, nikashika upawa. Mara namwona mtoto anavaa ndala. Nikamuuliza, unakwenda wapi? "Dukani, chumvi." Chumvi ipo, kopo limejaa. Nikampa hela.

Nikabaki nachota na kumimina peke yangu. Aliporudi akaweka chumvi mezani, akainamia sufuria, akanusa. "Epua." Nikaepua.

Pembeni lilikatika kidogo, katikati lilikuwa zito. Tuligombania ukoko. Umeme ukakatika saa mbili na bado tulikuwa uani tunaongea habari za Pangani.

Bi Mkubwa, swali la mwisho: kwa jiko la mkaa huo moto naupunguzaje? Nilitoa makaa kwa koleo, yakabaki mawili, samaki akaanza kupoa.

Bi Mkubwa wa Kuze

Usitoe makaa. Yafunike jivu.