Tangu korona nimeshindwa kurudi jimu, naombeni ushauri

Dumu_Lita20:
Habari zenu wakuu. Kabla ya korona nilikua mtu wa jimu haswa, siku nne kwa wiki, skwati kilo 100 napiga tano bila kelele. Machi 2020 jimu ikafungwa tukaambiwa tukae ndani, nikasema potelea mbali tizi litapigwa humuhumu. Nikajaza maji dumu la lita 20 (kilo 20 hizo, maji hayadanganyi), mkono wake ulikua unanikata kiganja mpaka nikauzungushia kitambaa, begi la mgongoni likajaa vitabu, na pushapu 50 kila asubuhi kati ya kitanda na kabati, ukijisahau kidogo kiwiko kinagonga mlango wa kabati paa! Na kusema kweli nilipenda, hakuna foleni ya mashine wala wa kukukodolea macho.

Sasa jimu zimefunguliwa siku nyingi ila mimi na dumu tumegandana. Mwezi uliopita nikajikaza nikaenda, kilo 60 tu magoti yanacheza, dogo mmoja pembeni ananiuliza "kaka mgeni hapa?" Nikaoga nikasepa. Halafu siku hizi mabega yananidondokea mbele na pushapu ni zilezile 50, haziongezeki. Nirudi nianze moja au niendelee na dumu langu? Msinicheke.

ChumaTaratibu:
Hapo kwenye mgeni nimecheka, samahani 😂

Mabega ni hivi: miaka yote hiyo unasukuma tu hujawahi kuvuta. Kifua kinakaza, mgongo umelala. Inama, mkono mmoja shikilia kiti, dumu livute mpaka usawa wa kiuno, kumi kila upande, na kwa kila seti ya pushapu piga seti mbili za kuvuta. Na 50 kila siku mwili ulishazizoea zamani, vaa lile begi au shuka taratibu kwa sekunde tatu uone kama utafika hata 20.

MamaTizi:
Mie ni kinyume chako kaka, korona ndo ilinianzisha. Nilikua naweka video kwenye simu naruka sebuleni watoto wananipanda mgongoni, na mpaka leo jimu sijakanyaga. Novemba 2020 WHO walitoa mwongozo wao, mtu mzima dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki na siku mbili za kukaza misuli. Jimu kama jimu hawakuilazimisha popote. Jiulize unaitaka jimu au unamtaka yule wewe wa kilo 100, maana naona kama ni huyo ndo anakusumbua.

PumziFupi:
Mkuu uliwahi kuugua yenyewe? Mimi niliugua nikarudi kukimbia haraka haraka, ngazi tu moyo ukawa unadunda kama ngoma, daktari akanisimamisha kabisa. Ukiona kifua kinauma, mapigo yanaenda ovyo au kizunguzungu, acha hapohapo ukapimwe, usijifanye mgumu.

Dumu_Lita20:
@PumziFupi pole sana mkuu. Mimi hapana, mimi ni aibu tu. @MamaTizi dada umenipiga pabaya 😅

Mkongwe_wa_Vyuma:
Zile rekodi za 2019 kazifute kwenye simu leo hii. Anza na 40, ongeza mbili na nusu kila wiki hata kama unajiona unaweza zaidi, misuli iliyowahi kujengwa inarudi haraka kuliko ya mtu anayeanza, ila viungo na kano haziendi na hiyo spidi na wengi wanaumia hapo. Na nenda saa ambazo hakuna watu. Huyo dogo wala hakumaanisha vibaya, pengine alitaka kukusaidia kushika chuma.

Dumu_Lita20:
Mrejesho: jana nimevuta dumu kama @ChumaTaratibu alivyosema, leo hata kuvaa shati ni shughuli. Jumamosi alfajiri naenda, 40 tu. Ila dumu siligawi.

MamaTizi:
Hicho kitambaa nacho ukifue kaka.