Leseni ya EMT (mhudumu wa dharura wa ngazi ya msingi kwenye ambulensi) ivuke mpaka wa jimbo au kila jimbo libaki na yake?

Msukuma wa Kansas: Wakuu mlioko Marekani, hasa wa ambulensi. Hapa Kansas City mpaka wa Kansas na Missouri ni barabara tu: unakunywa chai jimbo hili, sukari unanunua jimbo lile. Sisi tumenusurika kwa sababu majimbo yote mawili yamo kwenye mkataba wa EMS, yaani wa huduma za dharura, leseni ya huku inaheshimiwa kule. California na New York hawamo. Nasema walazimishwe. Mnasemaje?

Mzee wa Zamu: Naunga mkono, ingawa sioni kelele za nini. Dereva wa ambulensi akivuka mpaka kazi ni ileile, kumfikisha mgonjwa hospitali. Manesi wana mkataba wao toka 2000 huko na hatujawasikia wakilia.

Binti Pangani: DEREVA? Kaka yangu, wiki hii nimebonyeza kifua cha mtu dakika ishirini, gari linakimbia na mimi nimepiga magoti. Nani alikuwa anaendesha, mimi?

Mzee wa Zamu: Dada, sina ubaya. Ila kozi ya EMT ni muhula mmoja. Nesi anasota miaka.

Binti Pangani: Mimi ni paramediki, ngazi ya juu kuliko EMT. Nafungua mshipa, napitisha mrija kooni, nampiga mtu shoti ya umeme moyo ukigoma, daktari hayupo. Wewe nesi ukibonyeza kengele, daktari si anakuja?

Kamba wa Dallas: Turudi kwenye mada kabla hamjashikana mashati. Watu wanadhani mkataba huu ni ruhusa ya kuhama. Siyo. Ni wa kwenda na kurudi: umetumwa na kampuni ya kwenu, unachukua mgonjwa, au kuna kimbunga mnaongeza nguvu. Ukitaka kuhamia, omba leseni ya huko. Halafu "walazimishwe" na nani? Kila bunge la jimbo linapitisha lenyewe. Ulisubiri majimbo kumi, Georgia ndiyo ikatimiza 2017, ukaanza kutumika Machi 2020 korona ikibisha hodi.

Msukuma wa Kansas: Basi wabembelezwe.

Mtoto wa Kisauni: California mnawaonea. Kule hata ukiwa na leseni ya paramediki ya jimbo, bado unahitaji kibali cha wakala wa eneo unalofanyia kazi. Kama wenyewe kwa wenyewe wanadaiana makaratasi, wa Kansas atapokelewaje?

Binti Pangani: Hiyo ndiyo sababu ya kujiunga, siyo ya kukataa.

Mtoto wa Kisauni: Na zile alama za vidole za FBI ambazo mkataba unazidai? Si kila mtu anafurahia kupeleka vidole.

Kamba wa Dallas: Unataka kuingia chumbani kwa bibi wa watu saa nane usiku, na begi la dawa, halafu hutaki kuchunguzwa?

Mzee wa Zamu: 😂 Hapo umemmaliza.

Binti Pangani: Usicheke, hujaniomba radhi.

Msukuma wa Kansas: Jamani, tulikuwa California.

Binti Pangani: California itasubiri. Radhi kwanza.

Mzee wa Zamu: Haya, paramediki nawaomba radhi. Nyie mnasoma. EMT kwangu wanabaki madereva.

Msukuma wa Kansas: Mzee, mimi ni EMT.