Utukufu wa Mungu: mtu autafuteje wakati kila upande ni giza?

Mtafutaji_Nuru: Shalom wapendwa. Isaya 6:3 inasema dunia yote imejaa utukufu wa Bwana. Lakini ukifungua habari asubuhi ni vita, watoto wanauawa, watu wanakimbia makwao. Naomba msaada wa vitendo: mtu aanzie wapi, asome nini, na kwa nini wengi huanza vizuri kisha wakakauka?

Msomaji_wa_Zaburi: Amina, ndugu. Anza na mazingira ya andiko lenyewe. Isaya aliona maono yale mwaka aliokufa mfalme Uzia, aliyetawala Yuda miaka 52. Ezekieli naye aliuona utukufu kando ya mto Kebari, akiwa uhamishoni Babeli, mbali na hekalu. Giza si dalili kwamba umepotea njia.

Chukua Zaburi 13. Ina mistari 6 tu: 1–2 ni malalamiko, na "hata lini" inarudi mara 4, 3–4 ni ombi, 5–6 ni tumaini. Isome kwa sauti, kisha andika ya kwako kwa mpangilio huohuo, ukilitaja jambo lenyewe: usiandike "shida za dunia", andika kijiji kilichochomwa, mgonjwa aliyekosa dawa. Dakika 20 zinatosha. Kinachoharibu ni kurukia mstari wa 5 kabla hujamaliza wa 1. Sifa ya namna hiyo haina mizizi, ndiyo maana watu hukauka. Na siku ambayo tumaini haliji, soma Zaburi 88. Inaishia gizani, na bado ni maombi. Usiibandike "haleluya" mwishoni.

DadaImani: Naongeza hapo. Wengi hutafuta msisimko. Katika Kutoka 33:18 Musa aliomba aonyeshwe utukufu, naye Mungu akajibu kwamba atapitisha wema wake wote mbele yake. Sura ya 34:6 inautaja wema huo: huruma, fadhili, kutokuwa mwepesi wa hasira, rehema, kweli. Basi hivyo ndivyo vya kutafuta. Kila jioni chagua kimoja, ujiulize leo kimeonekana wapi, uandike tukio moja la kuonekana kwa macho. Mfano: muuguzi wa zamu ya usiku anayemgeuza mgonjwa aliyepooza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, wala hakuna anayemtazama. Ukiandika "Mungu ni mwema" tu, daftari utaliacha mapema, maana hakuna ulichokiona.

Mwana_wa_Neno: Dada, nakubali, ila bila msalaba mtu atageuka mhasibu wa mema na mabaya, na siku mabaya yakizidi imani inaanguka. Yohana 12:23, Yesu anaiita saa ya kifo chake saa ya kutukuzwa. Soma pamoja na Marko 15:33–39: giza tangu saa sita hadi saa tisa, na akida, mkuu wa askari wa Kirumi, anakiri kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu kwa kuona jinsi alivyokata roho. Hakushuka malaika yeyote. Soma hiyo kwanza, ndipo ufungue daftari.

Habari za dunia zisome mara moja kwa siku, usizisomee kitandani. Chagua moja, iombee, na kama lipo tendo unaloliweza, litende siku hiyo.

Mtafutaji_Nuru: Asanteni sana. Na yule aliyelemewa na huzuni, asiyeweza hata kusoma mstari mmoja?

DadaImani: Soma 1 Wafalme 19. Eliya aliomba afe, na malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamrudia mara ya pili kwa chakula. Horebu, mlima alipokutana na Mungu, ilikuja baadaye. Kwa hiyo hakikisha amekula na amelala, halafu wewe ndiye umsomee Zaburi 13, yeye asikilize tu. Huzuni ikidumu wiki 2 mfululizo, usingizi na hamu ya kula vikapotea, aonane na daktari. Akitaja kujiua asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kumwambia aongeze imani wakati huo ni kumzidishia mzigo.