Syokimau au Imara Daima: nipange nyumba karibu na stesheni ipi?

MgeniWaJiji
Hamjambo wenzangu. Nahamia Nairobi mwezi ujao. Kazi iko kando ya barabara ya Haile Selassie na natakiwa kuwa ofisini saa mbili kamili asubuhi. Gari sina. Nimepata nyumba mbili ambazo kodi yake inakaribiana: moja Syokimau upande wa Katani, nyingine Imara Daima. Ya Syokimau ina nafasi zaidi. Wenye nyumba wote wawili wananiambia stesheni iko hatua chache tu, nami nataka kutegemea treni. Mngechagua ipi?

WaKatani
Karibu jijini, ndugu. Chukua Syokimau bila kusita. Stesheni hii ilifunguliwa na Rais Kibaki Novemba 2012 kwa ajili ya watu wa kwenda kazini na kurudi. Ina maegesho, kwa hivyo hata majirani zangu wenye magari huyaacha pale wakapanda treni. Kubwa zaidi ni kwamba treni ya asubuhi inatokea upande wetu, unapata kiti. Ikifika Imara Daima na Makadara, wanaoingia wanasimama. Ukishuka Stesheni Kuu, Haile Selassie iko mbele yako, hakuna matatu ya pili.

MamaMapacha
Kuhusu kiti nakubali. Lakini mgeni ameuliza nyumba, na nyumba hurudiwa jioni. Treni hizi zimepangwa kuwaingiza watu mjini asubuhi na kuwatoa jioni. Bosi akikuita kikao cha ghafla, ukatoka umechelewa, usitarajie nyingine baada ya dakika kumi. Siku hiyo ni matatu tu.

Mimi niko Imara Daima. Matatu za Mlolongo, Athi River na Kitengela zote hupita barabara ya Mombasa, nikikosa moja napanda nyingine, nashuka, natembea hadi mlangoni kukiwa bado na watu njiani. Wewe wa Katani utashuka barabara kuu kisha utafute bodaboda ya kukuingiza ndani. Hizo ni nauli mbili, na mvua ikianza kunyesha zote mbili zinapanda. Kaka, nyumba yenye nafasi ni nzuri, ila fanya hesabu ya jioni mbaya kabla hujalipa amana.

FundiReli
Niongeze sababu, maana watu huuliza kwa nini treni zisije kila dakika kumi kama matatu. Reli ya kuja Syokimau ni ya njia moja. Treni mbili zinazotoka pande tofauti haziwezi kupishana popote zinapotaka, lazima moja isubiri penye njia ya kupishania. Hata ukinunua mabehewa mapya hamsini, njia bado ni moja. Kwa hivyo mtu anayepanga maisha yake kwa treni aanze na ratiba, nyumba baadaye.

Jambo la pili ni zito zaidi. MgeniWaJiji, mwenye nyumba wa Syokimau anazungumzia stesheni gani? Kule ziko mbili.

MgeniWaJiji
Sikujua! Ameniandikia "karibu na stesheni ya SGR".

FundiReli
Basi hiyo ni Nairobi Terminus, stesheni ya ile reli mpya (SGR), iliyoanza kazi 2017 pamoja na treni ya Madaraka Express ya kwenda Mombasa. Reli yake ina upana wa milimita 1,435. Ile inayoingia Stesheni Kuu ni ya zamani, ya milimita 1,000. Treni ya Mombasa haiwezi kuendelea hadi mjini kwa reli hiyo, ndiyo sababu abiria hushuka pale na kubadilisha treni.

Zipo treni za kuunganisha kati ya Terminus na Stesheni Kuu, na kwa msafiri wa Mombasa zinafaa sana. Lakini zinafuata saa za Madaraka Express, na treni za kwenda Mombasa huondoka saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Mtu wa ofisi anahitaji ile stesheni ya 2012. Pima umbali wa kutoka mlangoni mwa nyumba hadi kwenye hiyo, halafu ndipo ulinganishe.

Njia_ya_Juu
Na Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, je? Kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na Haile Selassie ina mahali pa kushukia. Kuna mabasi yanayopita juu.

MamaMapacha
Yapo, na siku ya msongamano yanasaidia, ila unalipa zaidi, na bodaboda haziruhusiwi kule juu. Kwa asiye na gari hiyo ni akiba ya dharura.

WaKatani
FundiReli amenifumbua macho, sikufikiria kuuliza ni stesheni ipi. Kama nyumba iko upande wa Terminus, hata mimi nisingeichukua kwa sababu ya treni. Ikiwa jirani na stesheni yetu, bado nasema Syokimau: asubuhi ya kukaa na kupumzika ina thamani yake kwa mtu anayefanya kazi kutwa.

MgeniWaJiji
Asanteni sana. Nitakuja Jumamosi nitembee mwenyewe kutoka kila stesheni hadi kila nyumba.

MamaMapacha
Usije Jumamosi. Njoo Jumatano, utoke mjini saa mbili usiku kama mtu aliyekosa treni, na ufike kwenye nyumba zote mbili kwa matatu. Ukifika Imara Daima nitumie ujumbe hapa, nikuonyeshe njia yenye taa.